Kabla ya daraja, tuondoe saruji kwenye kuta za Pangani

Ndugu Mhariri,

Kila gazeti linapoandika habari za daraja la Pangani, lile la mita 525 linalojengwa kuunganisha Pangani na Bweni ng'ambo ya mto, haipiti aya ya pili bila kusoma kwamba mji uliolala sasa utaamka. Mji huu haukulala. Uliachwa, tena zaidi ya mara moja, na kila kuachwa kuna sababu yake na mwaka wake. Anayezijua sababu hizo ataona kwamba daraja nalo laweza kuleta kuachwa kwingine. Penye kivuko gari husubiri, abiria hushuka, hunywa dafu, hununua samaki wa kukaanga na kuutazama mji. Penye daraja huuvuka mto kabla hajamaliza kufunga kioo cha dirisha. Cha kumsimamisha hapo kitakuwa mji wenyewe, yaani nyumba zake za mawe na mto wake. Vyote viwili vinaharibika, na nyumba zinaharibiwa na watu wanaodhani wanazitengeneza.

Nianze na mto, maana bila huo pasingekuwa na mji. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru. Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto hushuka kupitia Korogwe na Hale hadi Bahari ya Hindi, safari ya kilomita 500 hivi. Wageni wengine hufika mjini wakiulizia maporomoko. Wamepotea njia: Maporomoko ya Pangani yako bara, upande wa Hale, mbali na mji uliobeba jina hilo. Ukifika mjini mto umeshatulia, mpana, wa rangi ya udongo, na hupanda na kushuka pamoja na bahari.

Mdomoni kuna fungu la mchanga, na fungu hilo limeamua mambo ya Pangani kuliko sultani au gavana yeyote. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani hii inazidi mita 3, na chombo chenye shehena huingia maji yakijaa bila kugusa chini. Yakiwa maji mafu, yasiyojaa sana, nahodha husubiri nje. Zama za tanga kusubiri hakukuwa hasara, kwani jahazi lilikuwa linasubiri upepo hata hivyo: kaskazi ya Desemba hadi Machi iliyaleta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha. Meli kubwa ya moshi haikuwa na subira hiyo, wala haikuweza kuvuka fungu. Tanga, kilomita 50 kaskazini, ina ghuba yenye kina. Hapo hukumu ya kwanza ilikuwa imeshaandikwa, ikabaki kusomwa tu.

Kabla ya hukumu hiyo Pangani ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya pembe za ndovu ilifuata bonde la mto kwenda Upare, Kilimanjaro na Umasai. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walipita hapa mwaka 1857 wakielekea Fuga kwa Kimweri, mtawala wa Usambara, kabla ya safari yao ndefu ya Ziwa Tanganyika. Kwenye kingo za chini za mto, ambako udongo ni mzito na huloa, kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini, biashara yenyewe haikufa siku hiyo. Pemba ya karafuu iko ng'ambo ya mkondo, mashariki moja kwa moja, na watu waliendelea kuvushwa kwa siri. Wengine waliozuiwa pwani waliishia kwenye miwa hiyo hiyo. Kwa hiyo anayeitaja Pangani kuwa mji wa watumwa, na anayeitaja kuwa mji wa sukari, wanazungumzia shamba moja.

Na hapa niguse lile la jina, maana linarudiwa sana: eti Pangani ni mahali watumwa "walipopangwa". Lugha yenyewe inakataa. Kiambishi -ni cha mahali kwa kawaida hushikamana na jina, kama nyumbani, shambani, mtoni. Kikishikamana na kitenzi hicho tunapata amri ya watu wengi, nayo ni "pangeni". Ziko pia Pangani nyingine katika Afrika Mashariki zisizo na soko la watumwa wala mto. Mwongoza wageni aliyeizoea hadithi hiyo hatafilisika akiiacha.

Ya mwaka 1888 nayo husimuliwa nusu nusu. Kampuni ya Wajerumani ilikodi ukanda wa pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, na tarehe 16 Agosti ikaanza kushika utawala. Pangani ilipewa ofisa kijana, Emil von Zelewski, aliyetaka bendera ya kampuni ipande na amri ya liwali, mwakilishi wa Sultani mjini, ishuke. Siku hizo zilikuwa za Idi Kubwa, na askari wa manowari ya Wajerumani waliingia msikitini na viatu na mbwa wao. Mwanzoni mwa Septemba watu wa mji walimzingira Zelewski ndani ya nyumba, akaja kuokolewa na Mathews, jenerali wa Sultani. Bushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa jirani na mji, alijitokeza kuongoza moto uliokwisha kuwashwa na wenyeji na watu wa bara waliokuwa mjini. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliutwaa mji Julai 1889, na Bushiri akanyongwa hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo. Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, aliuawa na Wahehe huko Lugalo mwezi Agosti 1891. Kata ya Bushiri ipo hadi leo katika wilaya hii. Zelewski hana hata uchochoro.

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911. Ramani inatosha kueleza kilichofuata: reli ilifuata bonde lile lile la misafara, ila mdomo wake ukawa Tanga. Mzigo wa Kilimanjaro uliokuwa ukishuka Pangani begani mwa mpagazi ukawa unashuka Tanga ndani ya behewa.

Mwaka huo huo wa 1893 ukaleta kitu kingine. Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na iliyofika hai ni 62. Hiyo ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto, na ndiyo chimbuko la mkonge wa nchi nzima. Mkonge ulileta watu. Ndiyo sababu ukizunguka Mwera na mashamba ya zamani utakuta, pamoja na Wazigua, Wabondei, Wasegeju, Wadigo na Waswahili wa mji, wajukuu wa manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliotoka Songea, Njombe, Kigoma na Msumbiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 54,025 katika wilaya nzima, na sidhani kama iko wilaya ndogo ya pwani yenye mchanganyiko wa asili kuliko hii. Lugha ya mjini ni Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya kutoka Tongoni kushuka Kigombe hadi Pangani, lakini shambani utasikia Kiswahili chenye lafudhi ya Kingoni. Nailoni iliposhusha bei ya mkonge duniani, makambi yakabaki na watu bila kazi. Huko ndiko kuachwa kwa pili, na hakukuwa na uhusiano wowote na uvivu wa watu wa pwani unaotajwa tajwa.

Sasa nyumba. Nyumba za zamani za Pangani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na mchanga, kuta zenye unene wa nusu mita au zaidi. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3, na wanaovicheka hawajui kwamba kipimo hicho ni cha mti: boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Mbele pana baraza, juu ya maduka ya Kihindi pana roshani za mbao, na milango ina nakshi.

Watu wengi wanaamini nyumba hizi zote zinalindwa na serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Nyumba nyingi za ghorofa za Pangani ni za miongo iliyofuata, kwa hiyo hazimo mpaka zitangazwe. Lakini sheria hiyo hiyo inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940. Kwa maneno mengine, nyumba yaweza kubomolewa bila mtu kuulizwa, lakini anayeng'oa mlango wake na kuupakia kwenye gari anavunja sheria. Halmashauri inaweza kuanzia hapo: kuhesabu milango, kupiga picha kila mmoja ukiwa na mwenye nyumba pembeni, na kuandika vipimo. Kazi hiyo ni ya wiki chache, tena haihitaji mfadhili.

Kinachoua nyumba ni saruji. Fundi huitwa kwa sababu lipu ya zamani imemomonyoka chini, kimo cha goti hadi kiuno. Anaipasua, anapiga lipu ya saruji ngumu, anapaka rangi ya mafuta, na kwa mwaka mmoja ukuta unapendeza. Ukuta wa matumbawe hauna kizuizi cha maji kwenye msingi. Hunyonya unyevu kutoka ardhini, na unyevu huo una chumvi kwa sababu bahari iko hatua chache. Ukuta wa chokaa hupumua: maji hutoka usoni mwake na kukauka. Saruji ikiziba uso, maji hayarudi ardhini, hupanda. Unyevu uliokuwa unaishia goti sasa unafika bega, na chumvi inakauka nyuma ya lipu, inavimba na kulisaga jiwe kuwa unga. Ndipo lipu inapodondoka vipande vikubwa kama sahani, na nyuma yake hakuna ukuta tena, kuna mchanga. Mwenye nyumba anasema mawe ya zamani ni mabovu. Anaongeza saruji.

Kuutibu ukuta kama huo si kazi ngumu, ila ina mpangilio wake, na wa kwanza ni paa. Hakuna lipu itakayokaa chini ya bati linalovuja. Maji yakiingia juu ya ukuta hulowesha vichwa vya boriti vilivyozikwa ndani yake, na boriti huoza hapo kichwani huku katikati ikionekana nzima. Igonge kwa nyundo karibu na ukuta: nzima hulia, iliyooza hutoa sauti ya gunia. Iliyooza usiing'oe kwa nguvu, kwani utachomoa na mawe. Pachika mpya kando yake. Usikubali kumwaga zege na nondo badala ya boriti, kwa sababu uzito wa zege ukikaa juu ya kuta zisizo na mkanda wa kuzifunga huzisukuma nje zikatumbuka. Boriti mpya zinunuliwe kwa mwenye kibali, kwani mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya msitu na kuikata hovyo ni kosa.

Paa likishashika, ondoa saruji kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kutoboa itatikisa ukuta mzima. Panda hadi sentimita 50 juu ya alama ya unyevu. Kwangua viungo vya mawe kina cha sentimita 2 au 3, piga mswaki mkavu, kisha uache ukuta wazi. Watu hukosa subira hapa. Ukuta uliozibwa miaka kumi unahitaji msimu mzima wa kiangazi kutoa maji. Unga mweupe utatokea usoni. Ufagie ukiwa mkavu na uutupe mbali. Ukiuosha kwa maji unairudisha chumvi ndani.

Wakati ukuta unakauka, tayarisha chokaa. Zamani walichoma matumbawe kwenye tanuu la magogo ya mkoko, yaani kwa nyumba moja waliharibu mwamba na msitu. Leo hakuna haja. Tanga imejaa mawe ya chokaa, na mapango ya Amboni yenyewe yako ndani ya mwamba wa aina hiyo. Chukua pipa la chuma, la plastiki litayeyuka. Tia maji kwanza, nusu ya pipa, kisha ongeza chokaa isiyozimwa, yaani iliyochomwa na bado haijatiwa maji, kidogo kidogo kwa chepe huku mtu mwingine akikoroga kwa mti mrefu. Ukigeuza utaratibu, ukamwagia maji juu ya chokaa kavu, italipuka usoni. Miwani na glovu ni lazima, na ndoo ya maji safi iwe pembeni kwa ajili ya macho. Itachemka yenyewe. Ikipoa chuja, acha maji yasimame juu yake kimo cha vidole vinne, funika, na uiache angalau mwezi mmoja. Miezi mitatu ni bora. Punje ambazo hazikuzimika vizuri hufumuka baadaye ndani ya lipu na kuacha vishimo kama vya tetekuwanga, na hiyo ndiyo adhabu ya kufanya haraka. Chokaa ya mfuko ya dukani inafaa kama mbadala, ila iloweke siku nzima kabla ya kuitumia.

Mchanga wa ufukweni usiuguse. Tumia wa shimo au wa mto kutoka juu kabisa, mkali, wenye punje kubwa na ndogo. Mafundi wa zamani walikuwa wanauonja kwa ncha ya ulimi, na sijaona kipimo cha bei nafuu kuliko hicho: ukisikia chumvi, rudisha. Kipimo ni karai moja ya chokaa kwa karai tatu za mchanga. Ukuta wa mita 4 kwa 3, lipu ya unene wa sentimita 2.5, unakula lita 300 hivi za mchanga na lita 100 za chokaa iliyozimwa, ambazo hutokana na kilo 50 hivi za chokaa isiyozimwa. Ongeza theluthi nyingine kwa ajili ya mashimo. Mashimo makubwa yajazwe kwa vipande vya matumbawe vya nyumba iliyoanguka, si kwa chokaa tupu, maana chokaa nene hupasuka.

Lowesha ukuta jana yake na tena asubuhi. Lipu ipigwe kwa matabaka, kila moja isizidi sentimita 1, na kati ya tabaka moja na jingine upite wiki. Chokaa haikauki kama saruji. Hugeuka jiwe polepole kwa kuvuta hewa, na bila unyevu haiwezi. Jua la saa saba likiipiga ikiwa mbichi itabaki unga wa kufutika kwa kidole, na fundi ataambiwa kaiba chokaa. Kwa hiyo tundika magunia mabichi mbele ya ukuta na uyarushie maji asubuhi na jioni, siku 5 kwa uchache. Mwisho ni kupaka chokaa laini iliyochanganywa na maji hadi iwe kama maziwa, mikono 4 au 5 myembamba. Mkono wa kwanza utaonekana kama maji tu, mpakaji atataka kuuongezea uzito. Mzuie. Ukikauka utaiva mweupe, na mkono mzito hubambuka.

Kwenye kuta zilizoshiba chumvi, lipu ya kwanza itaharibika baada ya mwaka au miwili. Hiyo si kazi mbaya. Lipu hiyo imeivuta chumvi kutoka kwenye jiwe, ipasue uitupe, upige nyingine. Bajeti isiyo na fedha ya awamu ya pili ni bajeti ya mtu asiyeijua kazi.

Kuhusu mto nitasema kwa ufupi zaidi, ingawa hatari yake ni kubwa. Juu huko kuna Nyumba ya Mungu yenye megawati 8, Hale megawati 21 tangu 1964, na Pangani Mpya megawati 68 tangu 1995, pamoja na mifereji ya umwagiliaji ya Moshi na Arusha isiyo na hesabu. Mabwawa huzuia maji na huzuia mchanga pia. Maji yakipungua, bahari inapanda mtoni, na kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito hupita chini, matamu yakielea juu. Mkulima wa kando ya mto anaona maji yale yale ya udongo, anatupa mpira wa pampu hadi chini, anamwagilia, na ncha za majani ya mazao yake zinaungua. Asilaumu mbolea. Chujio la pampu lining'inizwe kwenye boya, nusu mita chini ya uso wa maji, na avute saa za mwisho za kupwa, kamwe si maji yakijaa. Siku za bamvua wakati wa kiangazi apumzike kabisa, na asijaribu kufidia kwa kuchimba kisima kirefu kando ya mto, kwani chumvi imemtangulia huko.

Upungufu wa mchanga unaukuta mji mbele. Ufukwe unaliwa, na ukuta wa bahari uliojengwa mbele ya mji unalinda kilicho nyuma yake tu. Wimbi lililokataliwa hapo huenda kuchimba pale ukuta unapoishia. Anayeomba kiwanja karibu na ncha hizo atazame mizizi ya minazi kabla ya kulipa. Anayedhani bahari haiwezi kuchukua ardhi nzima aulize habari za kisiwa cha Maziwe. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975 kikiwa kina mivinje, na kasa walitaga hapo. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa, na mayai ya kasa wanaoendelea kutaga huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasizame.

Ombi langu kwa wahusika ni la ratiba. Kazi ya chokaa haifanyiki masika, na chokaa inataka miezi mitatu pipani. Kwa hiyo saruji iondolewe Juni mvua ikikatika, chokaa izimwe mwezi huo huo, kuta zikauke kwa upepo wa kusi, na lipu ipigwe Septemba hadi katikati ya Oktoba kabla ya vuli. Msimu mmoja unatosha kwa nyumba tatu au nne zinazotazama mto, na kwa kuwafundisha vijana sita au wanane kazi ambayo wazee wachache wanaiweza. Wachaguliwe kwanza vijana waliozoea kuuza biashara kwenye foleni ya kivuko, kwani ndio watakaohitaji kazi nyingine magari yakianza kupita juu.

Msomaji wako,
Pangani